Baluni za upepo kwenye Hilux inayovuta jenereta: miezi kumi na minne baadaye

Dereva wa Fuso aliyenimulika karibu na Mdaula hakujua kwamba ananifanyia hisani. Ilikuwa kama saa tatu usiku, naelekea Morogoro kwenye harusi ya kesho yake, tela nyuma na jenereta juu yake. Akaniwashia taa kubwa. Basi lililomfuata nalo likaniwashia, na gari ndogo iliyokuwa nyuma ya basi hivyo hivyo. Mimi nimeshusha taa, naapa, lakini kila anayekuja ananiona mshamba asiyejua adabu ya barabara. Tuliposimama kunywa chai, kijana wangu mmoja alizunguka gari, akacheka: "Bosi, gari inatazama mbinguni."

Kweli ilikuwa inatazama mbinguni. Matako yamekaa chini, pua imeinuka, taa zinamulika majani ya miembe. Usukani nilikuwa nimeshauona kuwa mwepesi tangu Kibaha, nikajidanganya kwamba ni upepo wa tairi za mbele.

Kazi yangu ni kukodisha jenereta, spika na taa za sherehe. Gari ni Hilux Vigo ya 2011, kebini mbili, dizeli ya lita 3.0, yenye springi za mabapa nyuma. Jenereta ni ya kVA 30, ile ya boksi lisilopiga kelele. Nimeandika haya kwa sababu nilipotafuta ushauri wa baluni za upepo za kusaidia springi, karibu kila nilichokutana nacho kilimhusu Mmarekani mwenye Ford F-250 anayevuta nyumba ya magurudumu. Si gari yangu, si mzigo wangu, na kwao hakuna matuta ya Mlandizi.

Kwanza jaribio la kwanza, ambalo lilikuwa kosa. Gereji niliyoizoea waliniambia dawa ni kuongeza bapa moja kila upande. Nikakubali, bei ilikuwa rahisi. Nikiwa na mzigo, gari ilikaa vizuri kiasi. Nikiwa sina mzigo, na mimi siku nne kati ya saba sina mzigo, ikawa mkokoteni. Mama watoto alipanda mara moja kwenda Mbezi, akashuka ameshika kiuno, akasema harudi humo hadi niitengeneze. Bapa la kuongeza halijui kama leo ni Jumatatu au Jumamosi, linakuwa gumu siku zote. Baada ya miezi miwili nikayatoa.

Ndipo nikaanza kupima badala ya kubahatisha, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo nilipookoa fedha nyingi kuliko popote.

Tela zima nililipeleka kwenye mizani ya yadi ya vyuma chakavu: kilo 1,460. Kisha nikaazima kwa jirani muuza mahindi ile mizani ya magunia, nikaiweka chini ya shingo ya tela, juu ya tofali, kwa urefu uleule ambao shingo hukaa ikiwa imefungwa kwenye gari. Ikasoma 210. Hiyo ni zaidi ya asilimia 14 ya uzito wa tela, na kwa tela la aina hii wengi hulenga asilimia 10 au zaidi kidogo. Tukalegeza boliti za jenereta, tukaisogeza nyuma sentimita 20, tukafunga upya. Mizani ikasoma 150. Kilo 60 zimetoka mgongoni mwa gari bila kununua hata nati moja. Usisogeze kupita hapo kwa tamaa, shingo ikiwa nyepesi mno tela huanza kutikisa mkia ukifika kasi ya 80, na mkia ukishaanza kutikisa ni yeye anayekuendesha.

Jambo jingine ambalo sikuwa nimelifikiria: kilo 150 zikining'inia kwenye ndoano ya tela hazibaki 150. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ndoano, kwangu, ni mita 1.3. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 3.085. Ni kama watoto kwenye mbao ya kubembea, anayekaa nje anamnyanyua mwenzake. Ukipiga hesabu, ekseli ya nyuma inabeba kama kilo 213, na ya mbele inapunguziwa kama 63. Ndiyo maana usukani ulikuwa mwepesi. Hapo bado hujaweka nyaya, spika, dumu la dizeli na vijana wanne.

Nikachukua tepu, nikapima kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya kila tairi. Nyuma, gari tupu: sentimita 93. Nyuma, na mzigo wote baada ya kusogeza jenereta: 83.5. Mbele ilipanda kutoka 88 hadi 90. Namba hizo nne niliziandika kwa kalamu ya rangi ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, zipo mpaka leo. Usiponunua kingine chochote, nunua tepu.

Sasa baluni zenyewe. Kwa asiyezijua: ni mfuko wa raba nene unaokaa kati ya ekseli na chesisi, mmoja kila upande, mahali ilipokuwa ile raba ya kuzuia chesisi isigonge ekseli. Unaujaza upepo kwa vali kama ya tairi. Springi zako zinabaki, mfuko unasaidia tu. Ukishusha mzigo, unatoa upepo, gari inarudi kuwa laini. Ndicho hasa ambacho bapa la kuongeza lilinishinda.

Kabla ya kuchagua kampuni, angalia gari yako ina springi gani nyuma. Zikiwa za koili, kama Prado, utahitaji mfuko mwembamba unaoingia ndani ya koili. Air Lift 1000 ni wa aina hiyo, na unaishia PSI 35 (kipimo kilekile cha upepo wa tairi). Zikiwa za mabapa, kama Hilux au Land Cruiser pikapu, unahitaji mfuko mnene wenye mikunjo, unaokaa kwenye vyuma vyake. Humo ndimo walimo Air Lift LoadLifter 5000, Firestone Ride-Rite na Airbag Man ya Australia. Hizi hujazwa kuanzia PSI 5 hadi 100. Ipo pia njia isiyo na upepo kabisa, raba nzito kama za Timbren. Hazivuji, hazina bomba, hazina la kusahau. Kwa mtu ambaye gari yake inabeba uzito uleule kila siku ningemwambia achukue raba, alale. Mimi mzigo wangu unabadilika kila wiki, nikabaki kwenye upepo.

Kilichonipeleka Australia badala ya Marekani ni jambo dogo: Hilux haiuzwi Marekani. Seti nyingi za kule zimekatwa kwa Ford, Ram na Chevrolet, na muuzaji anayekuambia "hii inaingia tu, utakata kidogo" anakuuzia wewe kazi ya fundi. Waaustralia wana Hilux kila kona, usukani uko kulia kama kwetu, bomba la moshi linapita linapopita la kwetu. Nikaagiza Airbag Man ya Vigo. Mpaka inafika mkononi mwangu Dar, pamoja na usafiri na ushuru, ilinila takriban shilingi milioni 1.7. Si fedha ndogo. Ni harusi mbili.

Jirani yangu aliona bei hiyo akacheka, akanunua za bei poa zisizo na jina, laki nne. Sitazisema vibaya kuliko zilivyo. Raba ilikuwa nzuri machoni. Shida ilikuwa vyuma vya kushikia, vyembamba kama vya kitanda cha shule, vikapinda, mfuko ukaanza kukaa upande na kusugua tairi. Miezi mitano. Ukinunua baluni unanunua chuma zaidi kuliko raba, shika bano mkononi kabla hujatoa fedha.

Kuna namba moja kwenye matangazo ya baluni hizi inayopoteza watu, na mimi karibu inipoteze. LoadLifter 5000 inasemwa inaweza kusawazisha hadi pauni 5,000, yaani karibu kilo 2,270. Shemeji yangu alipoisikia alianza kuhesabu mifuko ya saruji. Hapana. Hiyo ni nguvu ya mfuko. Ekseli, tairi, breki na chesisi vimebaki vilevile vilivyotoka kiwandani, na kikomo cha gari lako hakijasogea hata kilo moja. Baluni inarudisha usawa tu. Ubaya wake ni kwamba gari iliyozidishiwa mzigo ikiwa imekaa sawa inaonekana nzima. Zamani matako ya gari yalikuwa yanakusema hadharani, sasa yamenyamazishwa.

Waaustralia wenyewe wamelijadili sana suala la pikapu za kebini mbili kupinda chesisi zikiwa na baluni. Sababu yake inaeleweka hata kwa fundi wa baiskeli. Springi ya mabapa inashika chesisi sehemu mbili, mbele ya ekseli na nyuma yake, hivyo mzigo unagawanyika. Baluni inasukuma sehemu moja, juu ya ekseli palepale. Ukiijaza hadi mwisho, kisha ukaning'iniza tela zito nyuma na kupita kwenye shimo kwa kasi, chesisi inakuwa muwa juu ya goti. Kwa hiyo mimi sijazi kurudisha gari kwenye 93 yake. Nalenga taa zirudi barabarani, nyuma ibaki imekaa chini kidogo. Na mzigo wote, PSI 40 zinanipa 89 nyuma. Sijawahi kupita 45.

Ufungaji ulichukua nusu siku na kidogo. Fundi niliyempata Tabata hakuwahi kuzifunga kwenye pikapu, lakini alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mabasi ya upepo, na nilimpenda kwa kuwa kabla ya kushika spana alisoma picha zote za kijitabu akiwa amekaa juu ya ndoo. Hakuna kutoboa chesisi, vyuma vinashikwa kwa yuboti, zile boliti zilizopinda kama herufi U, na boliti zilizokuwepo. Tulikagua mambo matatu gari ikiwa juu ya jeki na ikiwa chini: mfuko usiguse tairi, usiguse bomba la breki, usikaribie bomba la moshi. Upande wa moshi tuliweka bati la kukinga joto lililokuja na seti.

Makosa yalikuwa mawili, na yote tuliyatengeneza sisi wenyewe.

La kwanza ni bomba la upepo. Ni bomba jembamba la plastiki linaloingia kwenye kiunganishi kwa kusukumwa tu, halina nati. Lazima likatwe sawasawa, kwa wembe, kama unakata keki ya harusi. Sisi tulilikata kwa koleo ya nyaya, likabonyea kidogo na kukaa mshazari. Asubuhi baluni ya kushoto ilikuwa imelala. Povu la sabuni likatuonyesha panapovuja, tukakata upya kwa wembe, na miezi kumi na minne sasa napoteza PSI mbili au tatu kwa wiki mbili, jambo ambalo silihesabu kuwa ugonjwa.

La pili lilikuwa la hatari zaidi. Ili kurahisisha kujaza, fundi aliunganisha mabomba mawili kwa kiunganishi cha T, tukabaki na vali moja nyuma karibu na namba ya gari. Nikaona ni akili nyingi. Unajaza mara moja, pande zote zinapata sawa. Tukazunguka nayo Dar wiki tatu, hakuna neno. Kisha ikaja kazi ya Lushoto.

Anayeijua barabara ya Mombo kupanda Lushoto kupitia Soni anajua ninachozungumza. Kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, mlima upande huu na bonde upande ule. Kwenye kona ya kushoto uzito unalala kulia, baluni ya kulia inabanwa, na upepo wake, badala ya kubaki humo na kuishikilia gari, unakimbilia kupitia bomba kwenda baluni ya kushoto. Yaani ile inayopaswa kusukuma inanywea, na isiyotakiwa inavimba. Gari ililala kuliko ilivyowahi kulala kabla sijaweka chochote. Spika zikaegemea ubavu wa bodi, vijana wakanyamaza kimya cha msikitini. Nilipanda gia ya pili mpaka juu, nyuma yangu Noah tano zikipiga honi.

Tulivyorudi, jambo la kwanza lilikuwa kutenganisha mabomba. Vali mbili, kila baluni na yake. Nimerudi Lushoto mara mbili tangu hapo, gari inakaa kama imeshikwa na mikono. Na kuna faida ambayo sikuitarajia: tangi la mafuta, betri za akiba na dereva si wepesi sawa pande zote, sasa upande mmoja naupa PSI 42 na mwingine 38, bodi inakaa bapa. Fundi akikwambia T ni sawa, mwambie vali ya pili utanunua mwenyewe.

Nimefika kwenye breki, na hapa ningeomba mwenye Hilux ya aina yangu asiruke. Hilux nyingi za kizazi hicho zisizo na ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, zina kijiti cha chuma kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye vali ya breki iliyo kwenye chesisi. Kazi yake ni kusoma mzigo. Gari ikikaa chini, kijiti kinasukuma, vali inajua kuna uzito, inaruhusu breki nyingi zaidi nyuma. Gari ikiwa juu, vali inajua ni tupu, inabana breki za nyuma ili tairi zisijifunge. Sasa wewe umebeba mzigo wote, ukainua gari kwa upepo. Vali inaona gari iko juu. Inakunyima breki za nyuma siku ambayo unazihitaji kuliko siku zote.

Mimi niliihisi kabla ya kuielewa. Kushuka kutoka Soni, hata nikiwa gia ya pili, pua ilikuwa inazama kila nikigusa breki, na tulipofika Mombo magurudumu ya mbele yalikuwa yananuka. Fundi wa breki, si yule wa baluni, ndiye aliyelala chini na kunionyesha kijiti. Kinaweza kurekebishwa kwa kusogeza mahali kinapofungwa. Alikirekebisha gari ikiwa na mzigo na upepo wa PSI 40, kisha tukajaribu na gari tupu kwenye vumbi kuona kama tairi za nyuma zinajifunga mapema. Ilichukua saa mbili na majaribio sita. Nimewahi kuona gari ambazo kijiti hicho kimefungwa kwa waya wa kufungia nondo ili kisisumbue. Siku ya mvua kwenye lami, gari ikiwa tupu, waya huo unaweza kukugeuza uangalie ulikotoka.

Matumizi ya kila siku ni mepesi. Kompresa ndogo ya volti 12 ya kujazia tairi inatosha, baluni ni ndogo, dakika mbili kila upande. Ipo mitambo ya kujaza ukiwa umekaa kwenye kiti, yenye rimoti na simu. Sikuona haja, na kila bomba jipya ni mahali papya pa kuvuja. Kikubwa ni geji nzuri. Ile ya fundi pancha wa jirani ilikuwa inadanganya kwa PSI 7, na kwenye mfuko mdogo kama huu PSI 7 ni sentimita nzima. Nikishusha mzigo natoa upepo hadi 8. Kamwe usiziache tupu kabisa, raba inajikunja vibaya na kujibana kwenye tuta la kwanza. Mfuko usio na upepo ndio unaopasuka, kuliko uliojaa.

Matuta, kwa PSI 40, tunayapita vizuri. Nilipojaribu 60 siku moja, kwa kutaka tu kujua, gari iliruka kama mbuzi, tela likafuata likaruka nalo. Hapo ndipo kijana mmoja alipovunja tochi ya simu yangu.

Taa zimerudi barabarani. Safari ya mwisho ya Morogoro sikumulikwa hata mara moja, isipokuwa na askari pale Chalinze ambaye alitaka kuona leseni. Tairi za mbele zinalika sawa, usukani umepata uzito kiasi kwa kule kusogeza jenereta. Pikapu ikiwa tupu imekuwa ile ile niliyoinunua, na mama watoto amerudi kupanda.

Je, ningenunua tena? Ningenunua, seti ileile, vali mbili kuanzia siku ya kwanza. Ila si kwanza, breki za tela zingetangulia. Tela langu la kilo 1,460 halina breki zake lenyewe, linasimamishwa na Hilux peke yake, na hilo nimeligundua nikiwa nimelala chini ya gari natazama kijiti cha laki moja na kitu huku milioni 1.7 ya raba ikining'inia juu ya pua yangu. Kupandisha gari juu kulinifanya niendeshe kwa raha zaidi, na raha iliniongezea kasi. Wiki ijayo tela linaingia gereji kwa ekseli yenye breki. Mwenye kazi ya Jumamosi ameshaambiwa jenereta itakuja kwa Canter ya kukodi.